Njooni kabla zege halijamwagwa: barua ya wazi kwa wanaotoa vibali vya ujenzi

Waheshimiwa wakuu wa idara za vibali na ukaguzi wa majengo,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni msimamizi wa ujenzi wa nyumba za kuishi. Nilianza nikiwa saidia fundi, nikabeba karai, nikafunga nondo, nikapiga kuta, na siku hizi nawasimamia wengine wakifanya hayo hayo. Siwaandikii kulalamika kwamba kanuni ni nyingi. Wapo watakaowaandikia hivyo, na wengi wao hawajawahi kuona ukuta ukianguka. Mimi kanuni nazitaka. Ugomvi wangu nanyi ni juu ya saa mnayofika.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nyani haoni kundule na sipendi kuwa nyani huyo.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukijenga nyumba ya ghorofa moja. Msingi umechimbwa, nondo zimefungwa, mbao za boksi, zile zinazolishika zege mpaka likauke, zimekazwa. Tukaomba mkaguzi aje Jumatatu. Hakuja. Jumanne ikanyesha na kingo za mfereji zikaanza kumeguka. Jumatano asubuhi mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa imeshakodiwa, vibarua kumi na wawili wameegemea makoleo yao, mwenye nyumba anazunguka na simu sikioni. Nikampigia mkaguzi. Akanijibu, "Mwageni tu, nitapita kusaini." Tukamwaga.

Kona ya nyuma, pale udongo ulipomeguka, nondo zilikuwa zimelala kwenye tope. Vijiwe tulivyoziinulia vilikuwa vimezama. Niliona. Ni urefu wa kama hatua mbili na nusu, nondo nne za chini, zote zinagusa udongo. Nikamwambia kijana mmoja aziinue kwa ncha ya koleo zege likiingia. Akainua, lakini aliyewahi kufanya mchezo huo anajua kwamba ukichomoa koleo zinarudi zilikotoka. Siku ya tatu mkaguzi alifika, akakanyaga zege kwa kisigino, akauliza tunamwagilia maji mara ngapi kwa siku, akasaini. Karatasi ile ipo kwenye faili hadi leo, na inasema nondo za msingi zilikaguliwa zikakutwa sawasawa na mchoro.

Nyumba imesimama. Watu wanaishi humo, wana watoto. Kila nikipita njia ile macho yangu huenda kwenye kona ya nyuma kutafuta ufa.

Kwa asiye fundi, nieleze kwa nini hatua mbili na nusu za nondo zinaninyima raha. Chuma ndani ya zege zuri hakishiki kutu upesi, kwa sababu zege lina ukali wake unaokikinga, mradi tu kiwe kimefunikwa vya kutosha. Ndiyo maana kanuni za Marekani, kwa mfano, zinadai milimita 75 za zege kati ya nondo na udongo pale zege linapomwagwa moja kwa moja juu ya ardhi. Nondo inayogusa udongo iko uchi. Unyevu unaipata, inashika kutu, na kutu haikai kimya. Inavimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, na kwa kuvimba huko inapasua zege kutoka ndani. Ufa unapoonekana nje, kazi ya ndani imeshaendelea kwa miaka.

Miaka mingapi? Huko Surfside, jimbo la Florida, jengo la makazi la Champlain Towers South lilikamilika mwaka 1981. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni 2021 sehemu yake kubwa ilianguka watu wakiwa wamelala, wakafa 98. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walipochambua mabaki walikuta kwamba muundo wa sakafu ya kando ya bwawa haukutimiza hata kanuni za wakati ulipochorwa, na kwamba baadhi ya nondo za sakafu hiyo hazikukaa mahali zilipopaswa kukaa. Chumvi, maji na uzito ulioongezwa baadaye vilifanya yake, sikatai. Lakini nondo iliyokaa mahali pasipo pake ilikaa hapo tangu siku ya kumwaga. Siku hiyo kulikuwa na dirisha la saa chache ambapo mtu mwenye futi ya kupimia mkononi angeweza kuiona. Likishafungwa, linafungwa kwa miaka arobaini.

Waheshimiwa, hilo dirisha la saa chache ndilo ninaloliandikia barua hii.

Ujenzi ni kazi ya kufunika. Msingi unafunikwa na udongo, nondo zinafunikwa na zege, mabomba na nyaya vinafunikwa na plasta, paa linafunikwa na dari. Kanuni zenyewe zinalijua hili kuliko sisi sote. Zinasema mfereji ukaguliwe kabla ya zege, mabomba yapimwe kabla ya kufukiwa, nyaya zionekane kabla ya ukuta kupigwa plasta, nondo za slabu zihesabiwe kabla ya kumwaga. Kila kituo cha ukaguzi kimewekwa "kabla". Halafu idara zetu zinafika "baada".

Sasa tazameni nguvu yenu inakwenda wapi. Kabla sijapewa kibali naleta nakala za ramani, hesabu za mhandisi, uthibitisho wa mipaka ya kiwanja, fomu zenye mihuri. Ramani yangu moja ilirudishwa kwa sababu jina la mwenye kiwanja liliandikwa kwa kifupi kwenye ukurasa wa tatu. Nikairekebisha, haina neno, na ukaguzi wa mchoro una kazi yake, kwa kuwa kosa la kwenye karatasi hufutwa kwa raba na kosa la kwenye zege hufutwa kwa nyundo. Lakini faili lile lilisomwa na watu wanne kwa wiki nyingi. Mfereji wenyewe haukusomwa na mtu.

Na muda nao unahesabiwa upande mmoja. Katika sehemu nyingi zinazofuata kanuni za makazi za Marekani, mwenye kibali akikaa siku 180 bila kuanza kazi, kibali kinakufa. Ni haki, siipingi. Ila nikishaanza, nikaomba mkaguzi, siku za kumngojea haziandikwi popote. Mimi nina mwisho na nyinyi hamna. Mfereji ulio wazi haungoji. Mvua ikinyesha unajaa, jua likiwaka unapasuka, na vibarua wanalipwa kwa siku hata wakikaa kivulini. Mnapochelewa siku tatu mnakuwa mmetupa mtihani ambao wengi tunaufeli: tungoje tufilisike, au tumwage tusali. Ndipo mnaposikia zege linamwagwa usiku wa kuamkia Jumapili kwa mwanga wa taa za gari. Mnaita huo ukaidi. Sehemu yake ni ukaidi kweli. Sehemu nyingine mmeitengeneza nyinyi.

Wapo wanaosema dawa ni kwamba idara ikinyamaza siku kadhaa, kimya kihesabiwe kuwa ndiyo. Mimi siitaki dawa hiyo. Kimya kwenye karatasi za biashara labda kinavumilika, ila nondo haijinyooshi kwa sababu mtu amenyamaza. Ninachotaka ni kujibiwa. Mtu aje ndani ya saa zilizotajwa kwenye kibali chenyewe, na akishindwa, kazi ikabidhiwe mhandisi mwingine aliyeandikishwa, asiyelipwa na mjenzi, ambaye atasaini kwa jina lake na kuwajibika nalo. Aache picha: nondo, futi imelazwa juu yake, namba ya kibali imeandikwa ubaoni. Picha zikae kwenye faili pamoja na ile mihuri. Mtu akinunua nyumba hiyo baada ya miaka ishirini, aweze kuomba kuona mifupa yake.

Mkaguzi anayefika wakati wa kumwaga huona mambo ambayo hakuna mchoro utakaomwonyesha. Huona ndoo. Nyie mlio ofisini huenda hamumjui adui huyu. Zege likichanganywa kwa kipimo sahihi ni zito, linachosha mikono, halitaki kuteremka kwenye kona. Kibarua amechoka, anaongeza ndoo moja ya maji. Linalainika kama uji, kila mtu anafurahi. Tangu mwaka 1918, Mmarekani Duff Abrams alipochapisha majaribio yake, tunajua kwamba nguvu ya zege inashuka kadiri maji yanavyozidi kulinganisha na saruji. Maji yaliyozidi yanakauka na kuacha vitundu. Zege la ndoo ya ziada likikauka linafanana na zege zuri, rangi ile ile, uso ule ule laini, pengine laini zaidi. Ndiyo, tunachukua sampuli za kupima maabara, na jibu linaloaminika hutoka siku ya 28. Siku hiyo kuta za juu zimeshapanda. Nani atavunja? Sijawahi kumwona. Koni ya kupimia jinsi zege lililo bado bichi linavyoporomoka, yaani kama maji yamezidi, inatoa jibu kwa dakika chache, pale pale, kabla halijaingia kwenye boksi. Ni bati tu, halina hata skrubu. Nimefanya kazi kwenye nyumba nyingi ambazo koni hiyo haikuwahi kufika, na hakuna aliyeiulizia.

Mkaguzi huyo huyo ataona ringi, zile pete za chuma zinazozunguka nondo za nguzo. Ncha ya ringi ikikunjwa kwa nyuzi 90 tu, inalala juu ya uso wa nguzo. Tetemeko likija, zege la nje likibanduka, ringi inafunguka kama mkanda wa suruali ulioachia, na nondo za wima zinapinda kwa kukosa wa kuzishika. Ikikunjwa kwa nyuzi 135, ncha inaingia ndani kwenye moyo wa nguzo na inashika. Tofauti ya mikunjo hiyo miwili kwa fundi ni sekunde chache za ziada kwenye meza ya kukunjia. Kwa nguzo ni tofauti ya kusimama na kulala. Na ikishafunikwa, nguzo mbili hizo hutazitofautisha kwa macho.

Tarehe 6 Februari 2023 matetemeko makubwa mawili, la kwanza la kipimo cha 7.8, yalilipiga eneo la kusini mwa Uturuki na kaskazini mwa Syria. Uturuki peke yake ilipoteza watu zaidi ya 50,000. Kanuni za ujenzi wa kukabili matetemeko walikuwa nazo, tena nzuri. Walikuwa nao pia msamaha wa mwaka 2018, ambao mwenye jengo lililojengwa bila kibali au kinyume cha kibali alijiandikisha, akalipa ada, akapata hati, na uimara wa jengo ukaachwa kuwa jukumu lake mwenyewe. Mamilioni ya maombi yaliingia. Sisemi kila jengo lililoanguka lilikuwa na hati ya msamaha. Mengi yalikuwa na vibali vya kawaida, mengine mapya kabisa, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Kibali kilikuwepo, kanuni ilikuwepo, jengo likalala. Kati ya kanuni na jengo kuna mtu anayepaswa kusimama kwenye tope asubuhi akitazama ringi.

Kwa hiyo mkiwaza msamaha, na najua katika idara nyingi wazo hilo hurudi kila bajeti ikipungua, tafadhali msiuze hati. Mwacheni mwenye nyumba ajitokeze bila kuogopa kubomolewa kesho yake, sawa, lakini jengo lake lipimwe, nguzo zikwaruzwe, nondo zitafutwe kwa mashine, ndipo karatasi ifuate.

Jambo la pili, na hili nitalisema kwa upole kwa sababu na sisi mafundi tuna lawama: andikeni kanuni kwa namna ambayo mwenye mwiko anaweza kuzisoma. Kitabu chenu ni cha mawakili. Kifungu kinakupeleka kwenye jedwali, jedwali linakupeleka kwenye nyongeza, nyongeza inakurudisha kwenye kifungu. Fundi wangu mzuri kuliko wote huandika vipimo kwa mkaa kwenye kipande cha ubao. Si mjinga. Mwambie kipimo na sababu yake, hatakisahau mpaka afe.

Nilimfundisha habari ya ngazi kwa njia hiyo. Kanuni za makazi za Marekani zinasema kipandio, yaani kimo cha kila daraja la ngazi, kisizidi milimita 196, na tofauti kati ya kipandio kirefu na kifupi katika ngazi moja isizidi milimita 9.5. Alicheka. "Nani atapima nusu ya unene wa kidole?" Nikamwambia mguu utapima. Mtu akipanda vipandio viwili vya kwanza, mguu unakariri, haumuulizi tena. Kipandio cha mwisho kikizidi kidogo, ncha ya kiatu inagonga, na aliyebeba mtoto anaanguka na mtoto. Tena kosa lenyewe karibu siku zote liko kwenye kipandio cha kwanza au cha mwisho, kwa kuwa ngazi inamwagwa kabla ya sakafu kupigwa lipu na kuwekewa vigae. Sakafu inapanda, kipandio cha chini kinafupika, cha juu kinarefuka. Tangu siku hiyo fundi yule haanzi boksi la ngazi bila kuuliza vigae vitakuwa na unene gani. Hakuna kifungu kilichomfundisha. Sababu ndiyo iliyomfundisha.

Ziko nyingine za namna hiyo. Nafasi kati ya vyuma vya kizuizi cha baraza isipitishe tufe la milimita 102, kwa sababu kichwa cha mtoto mdogo. Dirisha la chumba cha kulala liwe na uwazi wa kama mita ya mraba 0.53, kwa sababu mtu atoke moto ukiziba mlango, na zimamoto mwenye mzigo mgongoni aingie. Hapa nawauliza: mmekagua vyumba vingapi vya kulala vyenye dirisha kubwa zuri, likafungwa grili ya kudumu mwezi mmoja baada ya kupewa hati ya kuhamia? Grili inaruhusiwa, mradi ifunguke kutoka ndani bila ufunguo wala bisibisi. Wenye nyumba hawajui. Wachomeleaji hawajui. Kuna mtu aliyewaambia? Mimi mwenyewe nimesimamia uwekaji wa grili zisizofunguka kwa miaka kabla sijaambiwa na mhandisi mmoja, tena kwa bahati tu, tukiwa tunangoja lori la kokoto.

Wala si kitu kigeni kuandika kanuni kwa urahisi. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1666, London ilitungiwa sheria ya kuujenga upya mji. Iligawa nyumba katika aina nne kulingana na barabara, ikataja idadi ya ghorofa na unene wa kuta kwa kila aina, ikaamuru matofali au mawe badala ya mbao. Mjenzi alijua ukuta wake kwa kutazama tu nyumba yake iko kwenye mtaa gani. Na kabla ya kuanza msingi, wapimaji walioteuliwa na jiji, akiwemo yule mwanasayansi Robert Hooke, walikwenda wenyewe kuchomeka vigingi ardhini. Miaka zaidi ya 350 iliyopita, bila simu wala pikipiki, mkaguzi alitangulia msingi.

Nimekusudia kutosema sana juu ya malipo yasiyo na risiti. Mnayajua, tunayajua. Nitasema hili moja tu: kadiri ukaguzi unavyofanyika baada ya kufunika, ndivyo sahihi inavyokuwa kitu cha kuuzwa, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kutazama isipokuwa karatasi. Mkaguzi mwaminifu, na nawajua kadhaa, naye hana namna. Mmempa maeneo mengi kuliko siku za wiki, hana usafiri, hana hata futi ya ofisi. Anaambiwa asaini asichokiona, akikataa anaitwa mkwamishaji. Waongezeni. Ada za vibali tunazolipa zinatosha kununua miguu zaidi, zikitumika kwenye kazi zilizotozwa kwa ajili yake.

Nyumba ninayosimamia sasa ni ya familia ya watu sita, ghorofa moja, ngazi ya ndani. Mfereji umefikia udongo mgumu jana jioni. Nondo tutazimaliza kufunga Jumatatu, na Jumanne kuanzia saa moja asubuhi zitakuwa wazi, zimeinuliwa juu ya vijiwe, hakuna hata moja inayogusa chini. Maombi ya ukaguzi nimeshayaleta dirishani kwenu na nimegongewa muhuri wa kupokelewa. Safari hii nimemwambia mwenye nyumba kwamba simwagi bila mtu wenu kushuka mfereji, hata mashine ikae siku mbili bila kazi, na amekubali kwa shingo upande. Kama mkaguzi hana futi, ninazo mbili.

Wenu katika ujenzi,
Msimamizi wa ujenzi wa nyumba za kuishi